Mizani 16 na Mkunjo Mmoja: Mwongozo Kamili wa Kutunga Mashairi Mafupi Sana kwa Kufuata Origami

Origami, ufundi wa Kijapani ambao jina lake limeunganisha neno la kukunja na neno la karatasi, katika sura tunayoifahamu leo hushika sharti kali: karatasi moja ya mraba, bila mkasi, bila gundi. Ukitaka ndege awe na mkia, mkia utoke kwenye karatasi ileile iliyotoa kichwa. Hakuna kuongeza.

Sharti hilo linalifaa sana shairi fupi. Anayeanza kutunga mashairi mafupi hudhani kazi yake ni kupunguza maneno, basi huandika shairi refu kisha analikata mpaka libaki kipande. Matokeo yake ni kipande, si shairi. Aliyewahi kukunja korongo wa karatasi anajua kwamba hakuna kilichokatwa: karatasi yote bado imo ndani ya ndege, ila imejificha. Shairi la mizani 16, yaani silabi 16, linapaswa kuwa hivyo. Jambo zima limo, na msomaji anaweza kulikunjua.

Kwa nini 16? Kwa sababu hiyo ndiyo mizani ya mshororo mmoja wa shairi letu la kawaida, vipande viwili vya mizani minane minane. Sikio la Kiswahili limeizoea. Pia ukikunja karatasi nusu kwa nusu mara nne unapata tabaka 16, na kila aliyejaribu anajua kwamba kuanzia hapo karatasi inakuwa ngumu kukunjika vizuri. Ni kipimo kizuri cha kusimamia.

Vitu vya kuwa navyo

Karatasi za mraba za sentimita 15 kwa 15, kama kumi hivi. Hicho ndicho kipimo cha kawaida cha karatasi za origami. Ukikosa, tumia karatasi ya A4 ya gramu 80: vuta kona moja ya juu hadi ukingo wa upande wa pili, mkunjo uwe wa mshazari, kisha kata ukanda unaobaki chini. Utapata mraba wa sentimita 21 na ukanda wa sentimita 8.7 kwa 21. Usiutupe ukanda huo, ni mahali pazuri pa rasimu. Ni mwembamba, hauruhusu maneno mengi, na huo ndio uzuri wake.

Penseli, kifutio, rula. Kalamu ya wino isubiri hadi mwisho kabisa. Chagua karatasi ambayo pande zote mbili zinaandikika. Zenye rangi nzito upande mmoja ni nzuri kwa kukunja lakini penseli haionekani juu yake.

Kunja kwanza, andika baadaye

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoharibu mashairi mengi. Mtu akiketi na wazo la origami kichwani, ataandika kuhusu subira, uzuri na maisha. Akiketi na karatasi mkononi, ataandika kuhusu kucha iliyopita juu ya mkunjo na kuacha mstari unaong'aa.

Chagua umbo moja tu unaloliweza: mashua, kofia, bahasha au korongo. Likunje mara tatu mfululizo. Mara ya kwanza kunja bila kuandika chochote. Mara ya pili simama baada ya kila mkunjo na uandike kwenye ukanda neno moja au mawili ya kile ambacho jicho, sikio au kidole kimepokea wakati huo. Andika nomino na vitenzi tu: ncha, kucha, mstari, sauti, kuinama, kupasuka, kivuli. Mara ya tatu, kunja hadi nusu ya kazi, kisha likunjue lote uitazame karatasi ikiwa wazi, na mistari yake yote. Andika tena.

Ukanda ukiwa na maneno kati ya 12 na 20, yanatosha. Chagua tukio moja dogo. Katika korongo, kwa mfano, lipo tukio la kupindua shingo ili kupata kichwa: ncha nyembamba inafunguliwa kidogo, inasukumwa ndani, inashuka. Kabla ya hapo una umbo lenye pembe nyingi. Baada ya hapo una ndege. Hilo linatosha shairi zima:

Kidole gumba
chainamisha shingo —
sasa ni ndege.

Huu ni mgawo wa 5, 7 na 5, jumla 17, unaotokana na haiku ya Kijapani. Wajapani wenyewe huhesabu vipande vya sauti visivyolingana kabisa na silabi zetu, na haiku ya jadi hudai pia neno la msimu. Kwa hiyo usiseme umeandika haiku kwa sababu tu umefikisha 17. Kilicho muhimu kuazima kutoka kwao ni ukato: neno maalumu linaloligawa shairi sehemu mbili na kuziacha zikitazamana. Kiswahili hakina neno la kazi hiyo. Sisi tunatumia kistari kirefu, au mwisho wa mshororo wenyewe.

Sentensi moja iliyonyooka

Kabla ya kuhesabu mizani, andika tukio lako kwa sentensi ya kawaida isiyozidi maneno 20. Usitafute uzuri. Mfano:

Nilipoikunjua karatasi nyekundu ya zamani niliona rangi imetoka kwenye mkunjo na kuacha mstari mweupe.

Maneno 14. Sentensi hii ndiyo mraba wako, na kila kitu kitatoka humu. Ikiwa haina kitu cha kuonekana au kushikwa, rudi kwenye kukunja, kwani hakuna mizani itakayoiokoa.

Kuchagua umbo la shairi

Kuna maumbo mawili ya mizani 16 yanayofuata mikunjo ya kwanza ambayo kila mkunjaji hujifunza.

La kwanza ni mkunjo wa kitabu, karatasi nusu kwa nusu: mishororo miwili, 8 na 8. Mkunjo uko katikati hasa, pande mbili zinalingana uzito. Linafaa pale unapokuwa na vitu viwili vya kulinganisha au kukinzanisha.

La pili ni mkunjo wa milango. Kingo mbili za karatasi zinaletwa hadi katikati, kama milango miwili inayofungwa. Ukipima upana wa kila sehemu utaona robo, nusu, robo. Kwa mizani 16 hiyo ni 4, 8, 4. Umbo hili lina siri moja tutakayoifikia chini, nalo ndilo tunalolipendekeza kwa mtu anayetaka shairi lake liishi ndani ya karatasi yenyewe.

Vina si lazima. Katika 8 na 8, kina kimoja mwishoni mwa kila mshororo huleta mlio mzuri lakini pia hufunga shairi mapema mno, msomaji anahisi limekwisha kabla hajaanza kufikiri. Katika milango, mshororo wa kwanza na wa tatu ukikaribiana kwa sauti, sikio linasikia milango ikikutana. Mkaribiano unatosha.

Kuhesabu mizani bila kujidanganya

Katika shairi la beti kumi, kosa moja la mizani linaweza kupita. Katika shairi la mizani 16 linasikika kama jino lililong'oka. Hesabu kwa kugonga meza kwa kidole, si kwa macho.

Kila irabu ni mzani mmoja, hata zikifuatana: juu ni mbili, saa ni mbili, kuagana ni nne (ku-a-ga-na). Ugumu uko kwenye m na n. M ya ngeli ikitangulia konsonanti huwa silabi yenyewe: m-to-to tatu, m-ku-njo tatu. Lakini m ya mbawa imeshikana na b: mba-wa, mbili. Linganisha mbuyu na mbuzi. Mbuyu ni m-bu-yu, mizani mitatu, kwa sababu m ni kiambishi kilichowekwa juu ya buyu. Mbuzi ni mbu-zi, mbili. N nayo hushikana na inayofuata katika ndege (nde-ge), ila katika maneno mafupi sana kama nchi, nta, nne na nzi, n husimama peke yake kwa sababu ndiyo inayobeba mkazo: n-chi, n-ta. Mbwa vilevile ni m-bwa.

Maneno ya kigeni yenye konsonanti mbili zilizogongana, kama daktari, yaepuke. Msomaji mmoja atahesabu tatu, mwingine nne, na mizani yako 16 haitakuwa imara mdomoni mwa kila mtu.

Washairi wetu wana ruhusa ya inkisari, kulifupisha neno, na mazida, kulirefusha. Hapa inkisari ikubali mara moja tu, pale inapolainisha ulimi. Mazida ikatae kabisa. Kurefusha neno ili kujaza mizani ndani ya shairi lenye mizani 16 pekee maana yake hukuwa na jambo la kutosha kusema.

Kuondoa gundi

Gundi ni maneno yanayounganisha mawazo kwa niaba ya msomaji: kwa sababu, kwa hiyo, lakini, kama, mithili ya, ambayo. Katika maelezo yana kazi. Katika shairi la mkunjo mmoja yanaziba mkunjo usionekane, na gharama yake ni kubwa. Kwa sababu inakula mizani minne, robo ya shairi zima.

Kiswahili chenyewe kinatupa njia za kukunja badala ya kugundisha. Ambayo imekunjwa ni mizani saba. Iliyokunjwa ni mitano. Ndani ya kiganja cha ni saba. Kiganjani mwa ni mitano. Inanyooshwa ni mitano. Yanyooshwa ni minne, na ina mlio wa kishairi zaidi. Mimi nimekunja: ondoa mimi, kitenzi tayari kimelibeba.

Kuna jambo jingine kuhusu vitenzi vyetu linalostahili kusimama nalo kidogo. Kiswahili kina kukunja na kukunjua ndani ya neno moja. Kunja, kunjua. Funga, fungua. Fumba, fumbua. Fuma, fumua. Bandika, bandua. Mzizi ni mmoja, na irabu moja imeurudisha mkono nyuma. Halafu kuna kauli ya kutendwa: kunja ni mizani miwili, na kunjwa ni miwili pia. Umegeuza mtenda kuwa mtendwa bila kulipa hata mzani mmoja. Hakuna mkunjo mwepesi kuliko huo. Shairi hili limesimama juu ya w moja:

Nimekunja
barua ya kuagana —
nimekunjwa.

Zoezi la kufanya kwa siku saba: kila siku chagua jozi moja ya vitenzi kama hivyo, na uandike mishororo miwili ya mizani minane ambayo kitenzi kimoja kiko juu na mwenzake chini. Mengi yatakuwa mabaya. Mkono utazoea.

Mkunjo uende bonde au mlima?

Mkunjaji Mjapani Akira Yoshizawa (1911–2005) alitunga alama za michoro ya origami zilizochapishwa mwaka 1954, na wakunjaji wa dunia nzima wanazitumia hadi leo. Mstari wa vistari vifupi ni mkunjo wa bonde: karatasi inakuja kwako. Mstari wa kistari na nukta ni mkunjo wa mlima: karatasi inakwenda nyuma, mbali nawe. Azima alama hizi kwenye rasimu yako. Chora mstari chini ya mahali shairi linapogeuka, na uamue ni wa aina gani.

Mkunjo wa bonde ni pale shairi linapoanza na kitu cha nje, kisha linaingia kwa mtu. Barua iliyo hapo juu ni bonde: inaanza na karatasi, inaishia kwa aliyeikunja. Mkunjo wa mlima huanza na karibu, kisha huuacha ulimwengu umalize kazi:

Mashua ya karatasi —
maji yamefuta jina.

Hapa hakuna mtu aliyetajwa, na bado unamfikiria. Jina la nani? Nani aliiandika karatasi kabla haijawa mashua? Wanaoanza wengi hukunja bonde kila mara, kila kitu kinaishia moyoni mwao. Ukitazama rasimu zako tano ukakuta zote ni vistari vifupi, lazimisha ya sita iwe kistari na nukta.

Shairi moja, mkunjo mmoja. Ukiona umegeuka mara mbili, una mashairi mawili. Ligawe.

Rasimu tatu za jambo moja

Turudi kwenye sentensi ya karatasi nyekundu. Rasimu ya kwanza ya watu wengi huwa hivi:

Mikunjo ya moyo wangu
kamwe haitafutika.

Mizani iko sawa, 8 na 8. Kila kitu kingine kimekosewa. Karatasi imetoweka, rangi imetoweka, kimebaki kilio ambacho yeyote angeweza kukilia. Rasimu ya pili inairudisha karatasi:

Karatasi yanyooshwa,
mkunjo unakumbuka.

Hii ni bora, na wengi wangeishia hapa. Tatizo ni neno unakumbuka. Ndilo wazo ambalo msomaji angelifikia mwenyewe, nasi tumemnyang'anya. Pia mkunjo haukumbuki. Una alama tu. Kwa nini una alama? Kwa sababu nyuzi za karatasi zimevunjika pale, na rangi iliyopakwa juu imepasuka na kudondoka. Andika hicho:

Karatasi ni nyekundu —
penye mkunjo, nyeupe.

Hakuna kumbukumbu iliyotajwa, hakuna moyo. Vyote vimo.

Kipimo cha haraka cha rasimu ya mwisho: pigia mstari kila neno ambalo haliwezi kupigwa picha. Likiwa moja, lifikirie. Yakiwa mawili, rudi nyuma.

Kuliweka shairi kwenye milango

Sasa ile siri. Milango ikiwa imefungwa, msomaji anaona mshororo wa kwanza kwenye mlango wa kushoto na wa tatu kwenye mlango wa kulia, kwa pamoja mizani minane, kipande kizima. Akifungua, anakutana na mizani minane ya katikati. Kwa hiyo shairi lazima lisomeke mara mbili: likiwa limefungwa, na likiwa wazi. Mfano:

Ana mbawa
kiganjani mwa mtoto
ametua.

Likifungwa linasema: ana mbawa, ametua. Ni ndege yeyote, juu ya tawi lolote. Ukifungua, unaona ametua wapi, na pengine unatambua ni ndege wa karatasi. Ile barua ya kuagana nayo imejengwa hivyohivyo: nje ni kitendawili, ndani ni jibu.

Chukua mraba wa sentimita 15. Ulete ukingo wa kushoto juu ya wa kulia, lakini usikunje wote: bana sentimita moja tu juu na moja chini ili upate alama ya katikati, kwenye sentimita 7.5. Mkunjo mzima hapo utapita katikati ya mshororo wako wa pili na kuuharibu. Fungua. Leta kila ukingo hadi kwenye alama na upitishe kucha juu ya mkunjo kutoka katikati kwenda juu, kisha kutoka katikati kwenda chini. Ukianzia mwisho mmoja, karatasi husogea na milango hupishana. Acha pengo la nusu milimita kati ya milango, vinginevyo itasukumana na kuvimba.

Kila mlango una upana wa sentimita 3.75, na katikati ni 7.5. Acha milimita 5 kutoka kwenye mkunjo na 5 kutoka ukingoni. Unabaki na milimita 27 za kuandika mlangoni. Herufi za upana wa milimita 3 zitatosha neno la herufi tisa, na Nimekunja lina tisa kamili. Mshororo wako ukiwa na herufi nyingi zaidi, tumia mraba wa sentimita 21, ambao milango yake ni sentimita 5.25. Usibane herufi. Usiandike juu ya mkunjo pia, kwani penseli hupaka upande wa pili na wino hupasuka pamoja na karatasi.

Andika mshororo wa kwanza sehemu ya juu ya mlango wa kushoto, upande wa nje, na wa tatu sehemu ya chini ya mlango wa kulia, upande wa nje pia. Fungua, weka kipande cha kadibodi chini, na uandike mishororo yote mitatu ndani kwa mpangilio huohuo: wa kwanza juu kushoto, wa pili katikati, wa tatu chini kulia. Jicho litashuka kama ngazi.

Kisha mpe mtu ambaye hajaliona shairi, bila kumweleza chochote. Angalia mikono yake. Akisoma nje na kufungua mara moja, milango inafanya kazi. Akifungua bila kusoma, maneno ya nje hayana mvuto, yabadilishe. Akifungua, akasoma, kisha akafunga tena kusoma nje kwa mara ya pili, chukua kalamu ya wino uyapitie maandishi ya penseli, ungoje dakika kumi yakauke kabla ya kufunga.